Kiti cha Wasiozaliwa

Nchi ya Keshoni msiitafute kwenye ramani ya darasani, mtachosha macho bure. Lakini ipo, na aliyeingia humo akatoka na akili zake ni Nanzia, mjane mfugaji, aliyekuwa akirudi kutoka kwa dada yake kuchukua mtamba. Njia aliyopita tuiache. Njia ni njia, mawe na vumbi, na kila mtu anaijua ya kwao. Tuanzie getini.

Mtamba mwenyewe alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, jina lake Shangwe. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, tena ya mwisho mwisho, kiwele kimeanza kujaa. Dada yake Nanzia alimkabidhi kamba huku akimwambia, "Mdogo wangu, nakutolea huyu ili nyumba yako nayo ipate maziwa. Huyu akipotea, mimi sina mwingine." Sasa huyo huyo Shangwe akaugua njiani. Tezi za chini ya masikio zilivimba zikawa kama mayai ya kuku, machozi yakamtiririka, mwili ukawaka, na majani akawa anayanusa tu na kuyaacha. Nanzia aliujua ugonjwa huo. Ilikuwa ndigana, inayoletwa na kupe, na ndigana haimngojei mtu amalize mazungumzo yake.

Kwa hiyo alipouona mji wa Keshoni, na katikati yake jengo refu lenye maandishi makubwa NYUMBA YA AFYA YA MIFUGO, alishusha pumzi. "Tumefika, mama," alimwambia mtamba.

Getini kulikuwa na kibanda cha rangi ya majani mabichi, na ndani yake amekaa mwanamke mnene, mtanashati, kitenge chake kimepigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Huyo ndiye Bi Mwatumu, mpokea wageni.

"Kesho njema, mgeni," alisema.

"Habari za leo, dada," alijibu Nanzia.

Bi Mwatumu alikunja uso kama aliyetukanwa mbele ya wakwe. "Hapa hatuulizani za leo. Leo ni jambo la ubinafsi. Mtu akikwambia Kesho njema, unaitikia Ya vizazi."

"Ya vizazi," alisema Nanzia, maana mgeni hachagui maamkizi. "Dada, nina mgonjwa."

Bi Mwatumu hakusikia, au alisikia akaweka kando. Alitoa mfuko mwepesi kama puto, akauvalisha kwenye pua na mdomo wa Shangwe, akangoja huku ameinamisha kichwa. Alieleza kwamba ng'ombe akibeua, hewa inayotoka huchafua anga la wajukuu, na kwa hiyo kila mnyama anayeingia Keshoni hupimwa pumzi, na akitoka hupimwa tena. Alingoja sana. Mfuko ulibaki umelegea.

"Hajabeua hata mara moja!" alisema, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza. "Mgeni, una ng'ombe wa mfano!"

"Habeui kwa sababu hacheui, na hacheui kwa sababu hali," alisema Nanzia. "Anaumwa, dada yangu. Mshike hapa chini ya sikio."

"Wangekuwa wote kama huyu!" alisema Bi Mwatumu, akamfunga Shangwe utepe wa kijani kwenye pembe. Kisha akatangaza kwa sauti ya kazi, ingawa hapakuwa na wa kumsikia, "Zimeingia pumzi mbili. Ya mtu, na ya ng'ombe." Akafunga kibanda na kuongozana nao mjini, kwani huko mgeni haachwi atembee peke yake akaona mambo kwa mpangilio wake mwenyewe.

Walipita kwanza kwenye josho, la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Nanzia alifurahi kuliona, ila alipolikaribia alikuta mfereji ambamo ng'ombe wangeogelea umejazwa udongo na kupandwa maua ya manjano na ya zambarau, yamepaliliwa vizuri mno. Bi Mwatumu alisema maji ya josho yalikuwa yakivuja kwenye kijito, na hilo lilikuwa kweli. Ufa wenyewe ulikuwa bado unaonekana ukutani, wa kuzibwa na ndoo moja ya saruji. Badala ya kuziba ufa, walifunga josho. Majani ya pembeni yalikuwa marefu hadi kiunoni, maana kufyeka nako kulikatazwa, na kwenye kila ncha ya jani kupe amening'inia, miguu ya mbele ameinyoosha hewani kama anayeomba lifti.

Nanzia aliinama akaanza kuwabandua waliokwisha kumpanda Shangwe kwenye masikio na chini ya mkia.

"Weka chini taratibu," alisema Bi Mwatumu.

"Nani?"

"Huyo kupe. Naye ana kesho yake."

Nanzia alimtazama kupe, akamtazama Bi Mwatumu, kisha akamweka chini taratibu, akamkanyaga kwa bahati mbaya.

Mbele ya josho kulikuwa na makaburi. Yalikuwa madogo madogo, yamepangwa kwa mistari na kuzungushiwa vijiwe vyeupe, kila moja na ua lake. Nanzia alivua kilemba cha kanga kichwani kwa heshima, akidhani ni ya watoto wachanga.

"Poleni sana," alisema. "Ni homa gani iliyowapitia?"

"Hizi ni dawa," alisema Bi Mwatumu. "Kila mwaka tunaletewa chupa mpya, tunazihifadhi kwa ajili ya vizazi. Zikiharibika kabla vizazi havijafika, tunazizika. Tunaimba, tunalia kidogo, tunarudi nyumbani."

"Zimezikwa zimejaa?"

"Hazijafunguliwa hata moja," alisema Bi Mwatumu kwa fahari.

"Na ng'ombe wenu wanazikwa wapi?"

Bi Mwatumu alionyesha kwa kidevu bonde lililokuwa ng'ambo, ambako tai walikuwa wakizunguka. Akasema ng'ombe wamepungua sana, na pumzi imepungua sana, na nchi za jirani zote zimewaletea pongezi. Nanzia alijifunga tena kanga yake. Akakaza kamba mkononi.

Nyumba ya Afya ya Mifugo ilikuwa nzuri, tusiinyime haki yake. Juu ya paa kulikuwa na vioo vya kunasa jua, ukutani zimepandwa mboga, maji ya mvua yanaingia kwenye tangi bila kupotea tone. Katika ukumbi wa kwanza, visanduku vya dawa vilivyosukwa kwa nyuzi za mgomba vilikuwa vimepangwa kwenye rafu, vinanukia vizuri. Nanzia alikinyanyua kimoja, akakitikisa.

"Ndani hamna kitu."

"Sanduku linaoza lenyewe ardhini bila kuacha alama," alisema Bi Mwatumu. "Lilituchukua miaka mingi kulibuni. Kilichomo bado tunakijadili."

Katika chumba cha ndani alikaa Daktari Siwatu, mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyochoka. Sindano yake ilikuwa imetundikwa ukutani, imefungwa shada la maua. Yeye hakuhitaji kuambiwa. Alimpapasa Shangwe chini ya sikio, akamwekea mkono mbavuni, akasikiliza anavyohema.

"Ndigana," alisema.

"Asante Mungu, mtu mmoja ameona," alisema Nanzia. "Dawa unayo?"

"Ninayo. Ipo kabatini, nyuma yangu."

"Basi mchome, mwanangu."

"Siruhusiwi, mama. Ni ya wasiozaliwa."

Nanzia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Daktari alimweleza bila kujitetea. Alisema babu zao walikuwa wakimwaga dawa ovyo. Kuku wazima waliwekewa kwenye maji ya kunywa. Ng'ombe akikohoa kwa vumbi, sindano. Asipokohoa, sindano ya kumzuia asikohoe. Mwishowe dawa zikazoeleka, vijidudu vikawa vinazinywa kama uji, na hata kidonda cha mtu kikakataa kupona. Watu walikufa. Ndipo nchi ikaapa.

Hapo Nanzia hakuwa na la kubisha. Hata kwao mwenye duka aliuza dawa za mifugo kwa kijiko, pamoja na chumvi, na yeye mwenyewe alishawahi kumpa mbuzi nusu dozi na kuweka nusu kwa ajili ya mwingine. "Kuapa mlifanya vizuri," alisema. "Lakini mwanangu, mlichoapa ni kutotumia ovyo, au ni kutotumia?"

Daktari Siwatu alitazama sindano yake ukutani. "Swali hilo liko barazani tangu nilipokuwa nasoma," alisema. "Twende ukaombe. Wamekaa sasa hivi."

Baraza lilikaa kwenye ukumbi unaotazama uani, na Shangwe alifungwa hapo nje kwenye nguzo, ambapo Nanzia angeweza kumwona. Wajumbe walikaa kwenye vibao vya kawaida. Kiti kizuri, cha mvule, chenye mto wa hariri, kilikuwa kitupu.

"Kile ni cha nani?" Nanzia alinong'ona.

"Cha wasiozaliwa," alijibu Daktari. "Hakuna linaloamuliwa bila wao. Kinabebwa kila panapofanyika uamuzi."

Pembeni ya kiti alisimama Msemaji Mbelwa, mzee mrefu, mwenye sauti nzuri ya kusomea matangazo ya misiba. Kazi yake ilikuwa kuinama, kuweka sikio kwenye mgongo wa kile kiti, kusikiliza, kisha kuwaambia wajumbe wasiozaliwa wamesemaje. Nanzia alieleza shida yake kwa ufupi. Msemaji aliinama, akasikiliza, akainuka.

"Wanasema hapana. Wanakupa pole."

"Wamesema upesi hivyo?"

"Wana msimamo."

"Baba, shikamoo kwanza," alisema Nanzia, maana kwa hasira alikuwa amesahau. "Sikiliza. Yule ng'ombe akifa, dawa itabaki kabatini, itaharibika, mtaizika. Mimi nitakuwa nimepoteza ng'ombe, na hao wajukuu nao watakuwa wamepoteza dawa. Nani amepata?"

"Kanuni imepata," alisema mjumbe mmoja aliyevaa miwani, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Nanzia alitazama nje. Shangwe alikuwa ameinamisha kichwa, ute unamning'inia puani, tumbo lake kubwa linapanda na kushuka. Likamjia neno mdomoni kabla hajalipima.

"Na aliyemo tumboni je?"

"Nani?"

"Ndama! Ng'ombe ana mimba, hamumwoni? Huyo ndama amezaliwa?"

Msemaji Mbelwa aliweka sikio kwenye kiti. Mara hii alikaa ameinama kwa muda mrefu hadi mtu akadhani mgongo umemkaza. Alipoinuka alikuwa na jasho.

"Wanamtambua," alisema. "Ni mwenzao."

Basi palichemka. Mjumbe wa miwani alikubali kwamba ndama ana haki ya dawa, lakini akauliza, je, ikipita kwenye damu ya mama yake, huyo mama si ataiba kidogo njiani?

"Afungwe mdomo," alishauri mwingine.

"Mheshimiwa, dawa ni ya sindano," alisema Daktari.

"Basi afungwe shingo!"

"Shingo ya nani, ya ng'ombe au ya kwako?" Nanzia alifoka, na Daktari Siwatu akamvuta kanga akae.

Walibishana, wakanywa chai, wakabishana tena. Hatimaye wakatoa tamko: dawa itoke kabatini kwa ajili ya ndama asiyezaliwa, ila mama yake asifaidike, na namna ya kumzuia mama asifaidike itaamuliwa na baraza hilo hilo kabla sindano haijaguswa. Daktari aliruhusiwa kuleta chupa na sindano, azishike tu, angoje.

Ndivyo alivyokuwa amesimama uani, chupa mkono huu, sindano yenye maua mkono ule, Shangwe alipopiga magoti, akalala ubavu, na maji yakamwagika.

"Yuko njiani!" Nanzia alipiga kelele. Alijifunga kanga kiunoni, akapiga magoti nyuma ya mtamba. Kwato mbili ndogo zilitokea, nyeupe kama maganda ya mayai, kisha zikasimama. Shangwe hakuwa na nguvu ya kusukuma. Daktari aliweka vitu vyake juu ya jiwe, akashika mguu mmoja, Nanzia mwingine, wakavuta kila mtamba alipojikaza, wakaacha alipopumzika, wakavuta. Ndama alitoka kwa mkupuo, ameloa, kimya. Nanzia alimsafisha pua kwa vidole, akamsugua mbavu kwa majani makavu, akampuliza. Ndama akapiga chafya.

"Jike," alisema Daktari, akicheka na machozi.

Wajumbe walitoka wote, kiti kimebebwa mbele yao na watumishi wawili wa baraza, kikawekwa juani. Msemaji Mbelwa alimtazama ndama kwa huzuni, akavua kofia.

"Hongereni," alisema. "Na poleni. Amezaliwa. Kwa hiyo sasa ni wa leo. Daktari, rudisha chupa kabatini."

Hapo ndipo uvumilivu wa Nanzia ulipokwisha. Alisimama, mikono yote damu na ute, kanga imelowa.

"Jamani! Punde tu alikuwa mwenzenu, mnamtambua, mnamtetea! Kosa lake nini, kutoka nje?"

"Si kosa, mama. Ni utaratibu."

"Haya, na huyu ni jike! Tumboni mwake hakuna wa kuzaliwa? Na hao nao hawana wao? Mbona hamuwaulizi? Kazaneni basi, muwaulize wote!"

Alisema hivyo kwa kuwatukana. Hakuwa na maana nyingine. Lakini mjumbe wa miwani alishika kifua, akasema kwa sauti ya mtu aliyeona mwezi mwandamo, "Waheshimiwa! Asiyezaliwa wa aliyezaliwa! Jambo hili halijawahi kuletwa!" Wakatazamana. Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, wanasukumana mlangoni, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuchangia, Msemaji akiwafuata mbio kofia mkononi. Mlango ukafungwa.

Kiti walikisahau nje.

Uani palitulia. Shangwe alikuwa amelala, macho nusu yamefumba, hata ulimi wa kumlamba mtoto hakuweza kuutoa. Daktari Siwatu alikitazama kile kiti cha mvule. Alitembea taratibu hadi hapo, akainama, akaweka sikio kwenye mgongo wake, kama alivyomwona Msemaji akifanya maisha yake yote. Akasikiliza.

"Wanasemaje?" aliuliza Nanzia.

"Kimya," alisema Daktari. "Hakuna aliyekataa."

Alirarua yale maua kwenye sindano, akavuta dawa, akakadiria uzito wa mtamba kwa jicho, akapunguza kidogo, akaongeza kidogo mpaka ikawa sawasawa, akamchoma kwenye msuli wa shingo. Hiyo ilikuwa sindano ya kwanza kuichoma kwenye nyama ya kweli tangu ahitimu. Kisha walimkamua Shangwe dang'a kidogo, yale maziwa mazito ya kwanza, wakamnywesha ndama kwa vidole. Wakawasogeza wote wawili kwenye banda la nyuma ya nyumba ya Daktari. Ndani ya ukumbi sauti zilikuwa zikipanda. Mtu mmoja alikuwa bado anadai shingo ifungwe.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Shangwe alisimama kwa kuyumba, akamlamba mtoto kuanzia kichwa hadi mkia, akala ukoka, na baadaye kidogo taya likaanza kwenda upande, kulia, kushoto. Anacheua. Walikaa hapo bandani hadi alipopata miguu ya kutembelea. Nanzia hakutaka kuaga baraza. Daktari alimpa sindano ya pili ndani ya kile kisanduku cha nyuzi za mgomba, ambacho kwa mara ya kwanza kilikuwa kimebeba kitu.

"Hii ya keshokutwa," alisema. "Ukifika kwenu mpe bwana mifugo amchome. Usiache, na usimgawie mwingine. Maziwa ya kunywa watu uyangojee kwanza, atakwambia hadi lini. Na kupe, mama, uwatoe kila jioni."

"Na wewe, mwanangu? Wakijua?"

"Nitawaambia wakawaulize waliotoa idhini," alisema Siwatu. Alikuwa ameegemea jembe, na ndoo ya saruji iko miguuni pake. "Mimi nitakuwa joshoni."

Getini, Bi Mwatumu alimvalisha Shangwe mfuko wake. Shangwe alibeua. Alibeua kwa nguvu, beuo la ng'ombe aliyeshiba, mfuko ukavimba ukawa kama ngoma.

"Mgeni! Umemharibu kabisa!" alilia Bi Mwatumu.

"Amepona, dada."

"Na mliingia pumzi mbili. Hii ya tatu imetoka wapi? Mwaka mzima tumejinyima, nchi nzima, kumbe mtu anakuja kutuzalishia!" Akamtazama ndama, ambaye alikuwa amesimama katikati ya geti, miguu minne imetawanyika, anajaribu kunyonya pindo la kitenge kilichopigwa pasi. Bi Mwatumu alitaka kumsukuma. Mkono wake ulifika kwenye paji, penye baka jeupe kama la mama yake, ukabaki hapo, ukapapasa. "Anaitwaje?"

"Leo," alisema Nanzia.

Bi Mwatumu aliangalia nyuma kuelekea mjini, akaangalia tena ndama. Aliinua kizuizi cha geti haraka haraka.

"Pita basi, pita upesi, kabla hawajamaliza kikao."

"Hao?" alisema Nanzia, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile akacheka hadi akashika mbavu. "Dada yangu, kaa chini upumzike. Hao hawamalizi."